Moyo wa mtoto: eko au CT scan?

Mtoto akizaliwa na hitilafu ya moyo, kipimo cha kwanza karibu kila mara ni eko, na ndivyo inavyostahili. Anapakwa jeli kifuani, daktari anapitisha kifaa, na mawimbi ya sauti yanachora moyo ukiwa unapiga. Hakuna mionzi, na mashine inaweza kusukumwa hadi kitandani. Tundu kati ya vyumba vya moyo linaonekana, valvu (milango ya moyo) zinaonekana zikifunguka na kufunga. Zile rangi kwenye skrini huwachanganya wazazi: nyekundu si damu safi wala bluu si damu chafu. Damu inayokuja upande wa kifaa huwa nyekundu, inayokwenda mbali nacho huwa bluu. Basi.

Ila eko haipenyi hewa wala mfupa. Aota (mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo) iliyobana baada ya kupinda, au matawi ya mshipa wa mapafu yaliyojificha nyuma ya mapafu yenyewe, mara nyingi huikwepa. Hapo CT scan, mashine inayopiga picha za eksirei kuzunguka mwili, inashinda: mtoto anachomwa dawa yenye ayodini, picha zinachukuliwa kwa sekunde chache, na daktari wa upasuaji anapata ramani ya mishipa anayoweza kuigeuza pande zote. Gharama yake ni mionzi, na figo nazo huangaliwa kwanza kwa sababu ya ile dawa.

Kwa tundu la kawaida, mimi ningetosheka na eko. Kwa mishipa iliyopotoka kabla ya upasuaji, ningeomba zote mbili.