Uzoefu wangu: mwaka mmoja na presha kuka ya umeme kwenye nyumba ya LUKU moja

Kila anayeingia jikoni kwangu akaiona presha kuka yangu, lile jiko la umeme linalopika kwa mvuke uliofungiwa, swali lake ni moja tu, hilo jiko si linamaliza umeme? Sasa ngoja nieleze vizuri maana nimelitumia mwaka na miezi miwili, tena kwenye nyumba ya kupanga huku Mbagala, Dar, wapangaji watatu LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla), na mnaoishi hivyo mnajua LUKU ya kuchangia inavyogombanisha watu.

Mimi nilikuwa mtu wa mkaa. Gesi ninayo, mtungi mdogo wa kilo 6, ila maharage au makande huwezi kuyachemshia gesi masaa mawili, mtungi hautoboi mwezi, kwahiyo vitu vigumu vyote ilikuwa mkaa. Siku ya maharage nilikuwa nanunua mkaa wa 2,000, na msimu wa mvua ndo balaa, bei inapanda halafu unauziwa umelowa, unapepea mpaka macho yanakuwa mekundu. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa anakohoa kila usiku kipindi kile, siwezi kusema ni mkaa maana mi sio daktari, ila dari la jikoni lilikuwa jeusi tii na nilikuwa najiuliza kama dari liko hivi vifua vyetu vikoje.

Halafu kuna miti. Kwetu ni Kisarawe, tanuri za mkaa nimeziona toka mdogo, wanapanga magogo, wanafukia na majani na udongo, linafuka siku kadhaa, na kwa tanuri zile za kienyeji kilo moja ya mkaa inaweza kula hata kilo 5 mpaka 10 za miti. Njia niliyokuwa napita na bibi kwenda kuokota uyoga ilikuwa kivuli mwanzo mwisho, sasa hivi ni visiki na jua. Na ule mkaa ulikuwa unakuja huku huku Dar, kwangu mimi. Hilo liliniuma kuliko hata hela.

Basi nikadunduliza nikanunua presha kuka ya lita 6, wati 1000, Kariakoo, 145,000. Wiki haijaisha dada wa chumba cha mbele akaniambia kwa adabu tu lakini usoni hana raha, "Mama Mdogo, mwezi huu wewe uongeze mchango maana una jiko la umeme." Sikubishana. Jumapili nikawaomba wote wazime kila kitu, friji, tivii, taa, tukaenda kwenye mita wote tukasoma 38.6. Nikaweka nusu kilo ya maharage, sikuloweka, maji, chumvi kidogo, dakika 45. Yakaiva mpaka yanapondeka kwa kijiko. Tukarudi kwenye mita: 38.2. Yani sehemu 4 kati ya 10 za yuniti moja! Sisi tukiwa watatu tunavuka yuniti 75 kwa mwezi kwahiyo tunalipa ile bei ya 356 kwa yuniti, piga hesabu, ni kama shilingi 142. Mkaa wa maharage yale yale ni 2,000. Baba wa chumba cha nyuma akasoma mita mara mbili akasema pasi yake inakula zaidi.

Sababu yenyewe ni kwamba haliwaki muda wote. Linavuta umeme sana dakika kama 15 za mwanzo mpaka presha ijae, baada ya hapo linajikata lenyewe, joto likishuka linawaka kidogo, linakata tena. Na kwa vile mvuke umefungiwa, maji humo ndani yanapata joto kuvuka lile la kuchemka kwenye sufuria ya wazi, ndo maana kongoro la kukeshea linaiva kwa saa moja na kidogo. Ata umeme ukikatika katikati usifungue, liache, lile joto linaendelea kuivisha.

Mama mkwe alivyokuja kutoka Tanga alikaa pembeni analiangalia, "Mwanangu, mbona kimya, kweli hiki kinapika?" Nikampa kisamvu. Ila hapa nilikosea mara ya kwanza, nilitia tui zito toka mwanzo nikafunga, tui lilikatika likawa vipande na mafuta juu. Yeye ndo akanielekeza, kiive kwanza kwa maji, utoe mvuke, ufungue mfuniko, ubonyeze ile batani ya kukaangia halafu ndo utie tui unakoroga taratibu mpaka litokote. Toka siku hiyo kinatoka kama cha kwenye chungu.

Ugali hapana, chapati hapana, samaki wa kukaanga hapana, hivyo bado napikia gesi. Lakini mtungi uliokuwa unaisha wiki nne sasa unaenda miezi miwili na zaidi, na mkaa nina kimfuko nyuma ya mlango cha mahindi ya kuchoma tu.

Matatizo yapo na mniskilize vizuri hapa. La kwanza extension. Nilichomeka kwenye extension ya 5,000, siku ya tatu nikasikia harufu ya plastiki kuungua, kugusa waya ni wa moto na ule mdomo wake umeanza kulainika. Ningekuwa nimeenda sokoni ningekuta mengine. Nikaita fundi akaniwekea soketi ya ukutani na waya mnene, 25,000, na hiyo iwekeni kwenye bajeti toka mwanzo.

La pili raba ya mfuniko. Mwezi wa tano wa kulitumia mvuke ukaanza kutokea pembeni, presha haijai, na hapo ndo jiko linakula umeme kweli maana halikati. Duka nililonunua lilinipa karatasi ya warantii ya mwaka, nimeenda mara tatu, mara raba haimo kwenye warantii, mara fundi katoka, mara njoo Jumatatu. Nauli zangu na muda vimepotea, na nilikasirika sana maana chombo kizuri kinaachwa kabatini kwa kukosa raba ya 8,000. Mwisho nilizunguka mwenyewe na raba ya zamani mkononi tukapimanisha mpaka nikapata inayokaa.

Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na bwawa la umeme la Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115. Vizuri sana. Mi naomba na spea ziwe zinapatikana mpaka huku kwetu.

Dada wa chumba cha mbele kaniomba Jumamosi nimsindikize Kariakoo, na nimeshamwambia tutafungua mfuniko pale pale dukani, tukague raba, na hatulipi mpaka watuonyeshe ya akiba.