Bustani ya nyoka: mtembezaji safi, vibao vibovu

Nawapa nyota nne, na zote ni za yule kaka anayetembeza wageni. Vibao ni aibu: kizimba cha koboko na cha koboko wa kijani vyote vimebandikwa Dendroaspis angusticeps, jina la kisayansi la yule wa kijani peke yake. Kaka hakuumauma maneno. Jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya Dendroaspis, akatuambia, iliwekwa na Mjerumani Hermann Schlegel mwaka 1848. Koboko mwenyewe akapewa jina lake, D. polylepis, na Albert Günther mwaka 1864. Hata hivyo baadaye wataalamu walimhesabu kuwa spishi moja na yule wa kijani, mpaka Vivian FitzSimons, mtaalamu wa nyoka wa Afrika Kusini, alipowatenganisha mwaka 1946. Yaani kibao kimechelewa karibu miaka themanini!

Kisha akatoa picha. Koboko ngozi yake ni ya kijivu, weusi uko ndani ya mdomo. Wa kijani mdomo wake mweupe, na maisha yake ni mitini. Jenasi nzima ina spishi nne, zote za Afrika, na ukoo wao ni wa swila, si wa kifutu. Mwanangu alimaliza maswali yote.

Kiingilio nafuu. Choo, hapana. Nendeni asubuhi kabla mabasi ya shule hayajajaa.