Viza ya kustaafia Thailand: kibali cha mwaka mmoja mmoja na hesabu zake

Mtu aliyetimiza miaka 50 na mwenye baht 800,000 za kuweka benki anaweza kuishi Thailand kihalali mwaka mzima, akaurefusha, kisha akaurefusha tena, na hakuna kikomo cha idadi ya mara. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, kiasi hicho ni kati ya dola 21,000 na 26,000 hivi. Fedha hiyo hailipwi serikalini, inakaa kwenye akaunti yako mwenyewe. Ada ya kurefusha mwaka ni baht 1,900 tu. Kwa bei hiyo mpango huu tunausifu bila kusita. Kinachowaangusha watu ni tarehe: lini fedha iingie, lini iruhusiwe kupungua, lini uripoti, lini pasipoti yako iishe. Anayeziheshimu tarehe atakaa kwa amani. Anayedhani ameshapewa ukaazi atashtuka, maana hata ukikaa miaka 20 kwa njia hii bado u mgeni wa mwaka mmoja, huruhusiwi kufanya kazi, na muda huo hauhesabiwi kukupeleka kwenye ukaazi wa kudumu.

Milango ya kuingilia ni miwili mikuu, na wengi huchagua usiofaa. Wa kwanza ni viza aina ya O, ya siku 90, inayoombwa ubalozini kabla ya safari kwa takriban dola 80. Ukishaingia unafungua akaunti, unaweka fedha, na kabla ya siku 90 kwisha unaomba kurefushiwa mwaka mmoja. Wa pili ni O-A, unaokupa mwaka mzima tangu siku ya kuingia. Kwa macho O-A unapendeza zaidi, lakini unadai cheti cha polisi cha tabia njema, cheti cha daktari kwamba huna ukoma, kifua kikuu, matende, uraibu wa dawa za kulevya wala kaswende ya hatua ya tatu, na juu ya hayo bima ya afya. Bima ndiyo kisiki. Mwaka 2019, sharti hili lilipoanza, kiwango kilikuwa baht 400,000 kwa kulazwa na 40,000 kwa matibabu ya nje. Mwaka 2021 kilipandishwa hadi baht 3,000,000, na bima inadaiwa pia kila unaporefusha kibali kilichotokana na O-A. Kampuni nyingi za bima hazipokei mteja mpya aliyevuka miaka 70 au 75, na anayepokelewa hutozwa kwa kadiri ya maradhi aliyonayo. Kibali kilichoanzia kwenye O ya kawaida hakidaiwi bima hiyo. Kwa hiyo mwenye miaka 65 na shinikizo la damu tunamshauri aingie kwa O. Hatusemi akae bila bima, hospitali binafsi za Bangkok zina bei kali. Tunasema kibali chake kisitegemee kampuni itakayomkataa baada ya miaka mitano.

Sasa fedha, na hapa isomwe polepole. Baht 800,000 ziwe zimekaa kwenye akaunti angalau miezi miwili kabla ya siku ya kuomba kurefusha. Baada ya kupewa mwaka, zisishuke chini ya 800,000 kwa miezi mitatu. Miezi hiyo ikipita unaweza kutoa, lakini salio lisishuke chini ya 400,000 wakati wowote, hadi itakapofika zamu ya kujaza tena. Tuseme umerefushiwa tarehe 1 Agosti. Hadi 1 Novemba hugusi kitu. Kuanzia hapo una 400,000 za kutumia, na ifikapo 1 Juni ziwe zimerudi zote. Maana yake nusu ya fedha hiyo haitumiki kamwe maadamu unaishi kule, na nusu nyingine ni yako kwa miezi saba kati ya kumi na miwili. Anayepanga kuitumia kama akiba ya dharura ya hospitali amekosea hesabu tangu mwanzo, aandae fungu jingine.

Makosa yanayorudiwa ni yale yale. Akaunti ya pamoja na mke au mume haikubaliki kwa mpango huu, iwe ya jina lako peke yako. Ada ndogo ya benki ikikatwa kwenye salio la 800,000 kamili, salio linakuwa 799,800 na ombi linakataliwa, kwa hiyo weka 810,000. Ni salama zaidi fedha iwe imetoka nje ya nchi na ionekane hivyo kwenye kumbukumbu za benki. Baadhi ya kampuni za kutuma fedha hulipa kupitia benki ya ndani, na kitabu chako cha benki kikaandika muamala wa ndani. Kabla ya kutuma fungu kubwa jaribu kwa kiasi kidogo, uone kitabu kinaandika nini.

Asiye na fungu la mara moja anaweza kutumia pensheni ya baht 65,000 kwa mwezi, au kuchanganya mapato ya mwaka na salio hadi kufikia 800,000. Njia hii tunaipa alama za chini. Balozi za Marekani, Uingereza na Australia ziliacha kutoa barua za kuthibitisha mapato kuanzia mwaka 2019, hivyo raia wa nchi hizo lazima waonyeshe fedha ikiingia kutoka nje kila mwezi kwa miezi 12. Mwezi mmoja ukiingiza 64,700 kwa sababu sarafu imeyumba, mlolongo umekatika. Anayepokea pensheni kwa pauni au dola atume 70,000, na asiruke mwezi.

Kufungua akaunti penyewe kuna ugumu. Matawi mengi hayataki mteja mwenye muhuri wa utalii, ila mwenye viza ya O husikilizwa zaidi. Ukikataliwa tawi moja nenda jingine la benki hiyo hiyo, maana uamuzi mara nyingi ni wa meneja. Hapo ndipo mawakala hujitokeza na ofa ya kuweka fedha yao kwenye akaunti yako kwa siku chache ili upate muhuri. Usikubali. Fedha hiyo huondolewa kabla ya miezi mitatu kutimia, kwa hiyo mwaka unaofuata kitabu chako hakisemi kweli, na wewe ndiye mwenye jina kwenye ombi, si wakala.

Siku ya kwenda uhamiaji beba fomu ya TM.7, picha ya sentimita 4 kwa 6, nakala za kurasa zote zenye mihuri, mkataba wa nyumba, ramani ya kufika kwako, barua ya benki na kitabu cha benki. Asubuhi hiyo hiyo pita benki, weka au toa baht 100 kisha uchapishiwe kitabu, ili tarehe ya mwisho iwe ya siku ile. Saini kila nakala kwa kalamu ya bluu. Nenda ofisi ya mkoa unaoishi. Chaeng Watthana ni ya Bangkok, Jomtien ya Pattaya, na kila moja ina vijinyongeza vyake, hivyo wiki moja kabla pita ukachukue orodha yao. Ofisi kwa kawaida hupokea maombi ndani ya siku 30 za mwisho wa kibali. Utaulizwa pia risiti ya TM.30, taarifa ambayo mwenye nyumba anapaswa kuitoa ndani ya saa 24 baada ya mgeni kufika. Wengi hawaitoi. Kabla ya kulipa kodi ya kwanza hakikisha atakubali, la sivyo faini na usumbufu vitakuangukia wewe dirishani.

Kila siku 90 za kukaa mfululizo unaripoti anwani kwa fomu ya TM.47, bure, kuanzia siku 15 kabla hadi siku 7 baada ya tarehe. Ukichelewa ni baht 2,000. Ukitoka nchini hesabu inaanza upya. Lakini kabla ya kutoka, hata kwa msiba wa siku mbili, chukua kibali cha kurudi: baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari nyingi. Ukiondoka bila hicho, mwaka wako unakufa pale pale kwenye dirisha la kutokea, na mwenye pasipoti inayohitaji viza ataanza upya ubalozini. Kwa mtu mwenye ndugu Mombasa au Tanga, ambaye simu ya usiku inaweza kumwita nyumbani wakati wowote, baht 3,800 za safari nyingi ndizo malipo yenye thamani kuliko yote katika orodha hii.

Mke au mume anaweza kuingia kama mtegemezi wako bila baht 800,000 zake, hata kama hajafika miaka 50. Kinachotakiwa ni cheti cha ndoa kilichothibitishwa na wizara ya mambo ya nje ya nchi kilikotolewa, kisha na ubalozi wa Thailand. Cheti cha kadhi au kanisa ambacho hakijasajiliwa serikalini hakifui dafu. Kasoro ya utegemezi huu inaonekana mmoja anapofariki: kibali cha mjane kinakosa nguzo, na zile 800,000, kwa kuwa zina jina la marehemu peke yake, hufungiwa hadi mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Andikeni wosia wa Thailand mbele ya mashahidi wawili, na kila mmoja awe na akaunti yake yenye matumizi ya miezi sita.

Kodi imebadilika. Tangu 1 Januari 2024, anayekaa siku 180 au zaidi katika mwaka anahesabiwa kodi kwa mapato ya nje anayoyaingiza nchini. Akiba iliyopatikana kabla ya tarehe hiyo imesamehewa, basi tunza taarifa ya benki inayoonyesha salio la 31 Desemba 2023. Bila karatasi hiyo hutaweza kutenganisha fedha ya zamani na mpya.

Anayeanzia Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na achanje angalau siku 10 kabla. Maombi ya viza sasa hufanywa mtandaoni na hushughulikiwa na ubalozi wa eneo lako, kama ule wa Nairobi. Tangu 1 Mei 2025 kuna pia kadi ya kuwasili ya kidijitali, inayojazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, na tovuti inayokutoza kwa kadi hiyo siyo ya serikali.

Wenye mifuko mizito wana njia ya miaka 10 iitwayo LTR: mapato ya dola 80,000 kwa mwaka yasiyotokana na ajira, ada ya baht 50,000, na kuripoti mara moja kwa mwaka. Ni bora kwa kila kipimo, kwa wachache. Mwenye pasipoti ya Uingereza, Kanada au Marekani anaweza pia kuuliza viza ya O-X ya miaka mitano, inayodai baht 3,000,000 benki.

Na kabla ya yote hayo tazama tarehe ya mwisho ya pasipoti. Kibali hakirefushwi kuipita. Ikibaki miezi saba utalipa baht 1,900 zile zile upewe miezi saba. Kwa kuomba mpya, Mkenya ana ubalozi Bangkok wa kuanzia. Mtanzania aanze mapema zaidi, awasiliane na ubalozi wake wa Kuala Lumpur. Pasipoti mpya ikitoka, peleka zote mbili uhamiaji wakuhamishie mihuri, na ile ya zamani usiitupe.