P.O.P au faiba? Plasta mbili zilizofungwa nyumbani kwetu Tanga

Kila anayemwona mwanangu na plasta yake ya bluu ananiuliza kama faiba, yaani plasta ya nyuzi za kioo, ni nzuri kuliko P.O.P (plaster of Paris), ile plasta nyeupe ya jasi. Nyumbani kwetu zimefungwa zote mbili, mama yangu P.O.P na mwanangu faiba, na ninachowajibu ni kwamba kwanza wajue wamevunjika wapi na uvimbe uko hatua gani. Bei ifuate baadaye.

Mama aliteleza bafuni akajikinga kwa kiganja. Mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba ukakatika karibu kabisa na kifundo cha mkono, kipande cha mbele kikasogea kuelekea mgongo wa kiganja. Ukiutazama mkono kutoka ubavuni ulikuwa umepinda kama uma wa chakula. Mvunjiko huu unaitwa Colles, kwa jina la daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1814, na huwapata sana kina mama watu wazima, kwa kuwa mifupa hupungua uimara baada ya hedhi kukoma. Alichomwa ganzi, mfupa ukavutwa mpaka ukarudi mahali pake, ndipo P.O.P ikaletwa.

Kwa kazi hiyo sijaona cha kuishinda P.O.P. Ni bendeji yenye unga wa jasi. Ikichovywa kwenye maji inalainika, na mfungaji anapata dakika chache za kuifinyanga ishike umbo la mkono wenyewe. Mfupa uliovutwa sasa hivi unataka kushikwa namna hiyo, la sivyo unaweza kurudi ulikokuwa. Mhudumu wa chumba cha plasta alitumia viganja vitupu, hakugusa kwa ncha za vidole, maana kibonyeo kikiganda kinaweza kuchimba kidonda kwa ndani. Wala hakuzungusha plasta mkono mzima. Aliilaza upande mmoja tu, akamalizia kwa bendeji ya kawaida, ili mkono ukivimba upate pa kuvimbia. Mama alishtuka iliposhika joto. Jasi hutoa joto inapoganda, na mhudumu mzuri humwambia mgonjwa mapema. Yule hakusema.

Shida ya P.O.P ni kukauka. Inaganda upesi, lakini kukauka hasa huchukua siku mbili hivi, wakati mwingine tatu, na hii ilikuwa masika. Tuliulaza mkono juu ya mto, wazi, bila kuufunika hata kwa khanga. Halafu kuna uzito: bega la mama lilimuuma kuliko kifundo chenyewe. Na kuna udhu, jambo ambalo hospitali hawakulizungumzia kabisa. Sheikh wa msikitini kwetu alimwelekeza apanguse juu ya plasta kwa mkono wenye maji na atayamamu. Alikuwa akiukung'uta mkono kwanza ubaki na unyevu tu, na plasta ikadumu. Asiyejua akaimwagia maji, P.O.P italegea.

Mwanangu naye alianguka kutoka kwenye mpera. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa kigasha umepinda, umepasuka upande mmoja na upande wa pili bado umeshikana. Mjomba wake akasema huko si kuvunjika. Huko nako ni kuvunjika, ila mifupa ya watoto ina unyumbufu na haikatiki kila mara moja kwa moja kama yetu. Naye alianza na P.O.P ya upande mmoja. Uvimbe uliposhuka, wakapiga picha tena, wakaona mfupa umetulia, wakamfunga faiba.

Faiba ni nyepesi mno, mtoto anaisahau. Inakomaa ndani ya nusu saa hivi, haimeguki, na eksirei inapita vizuri kuliko kwenye P.O.P, hivyo daktari anauona mfupa bila kuifungua. Kwa mtoto anayerudi shule inafaa sana. Lakini haifinyangiki kirahisi, kingo zake zikiachwa bila kukunjiwa pamba zinachubua, na bei yake iko juu sana ukilinganisha na P.O.P. Kuna pia maneno ya "hii unaoga nayo" ambayo yanawaponza watu. Gamba la nje ndilo lisilodhurika na maji. Pamba ya ndani ikilowa haikauki, ngozi inaoza na kunuka. Sisi tulifunga mfuko wa plastiki kila alipooga. Alipowashwa nilimkataza kuingiza rula ndani, kwa sababu mkwaruzo uliofichwa huko utaujua ukishakuwa usaha.

Kuitoa kunahitaji msumeno wa umeme. Haukuzunguka, ulitetemeka tu, ndiyo maana haukukata ngozi. Mhudumu aliugusisha kwenye kiganja chake mwenyewe kwanza mwanangu aone, na hapo nilimpenda. Makali yake hupata moto yakikandamizwa mahali pamoja, kwa hiyo mtoto akisema "inaunguza" mwambieni mhudumu asimame.

Kuna mahali plasta zote mbili hazina kazi, na ni vema mtu ajue kabla hajashangaa kwa nini hakufungwa. Mtulinga mara nyingi huning'inizwa tu kwa kitambaa shingoni. Mbavu hazifungwi, unapewa dawa ya maumivu na kuhimizwa uvute pumzi ndefu, usije ukapata nimonia. Nyonga na fupa la paja kwa mtu mzima kwa kawaida ni upasuaji. Kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu, ambaye muundi wake ulitoboa ngozi, alisafishwa kidonda chumba cha upasuaji na kuwekewa vyuma vya nje. Kinyume chake, yupo golikipa wa shule yetu aliyefungwa plasta ilhali picha haikuonyesha kitu. Alikuwa na maumivu kwenye kishimo cha chini ya kidole gumba. Mvunjiko wa kifupa cha hapo wakati mwingine hauonekani mapema kwenye picha, na ukipuuzwa kifupa kinaweza kukosa damu kikafa, hivyo mkono hufungwa na kupigwa picha tena baada ya wiki mbili hivi.

Nawasihi sana: maumivu yakizidi kila saa badala ya kupungua, vidole vikipoa, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au ukisikia maumivu makali ukivinyoosha, rudi hospitali hata kama ni usiku wa manane. Plasta imebana au misuli imevimba ndani, na mkono unaweza kupotea. Hayo yanahusu pia mianzi inayokazwa na waunga mifupa wa mitaani. Msingoje asubuhi.

Ningelipia tena P.O.P kwa mama, na faiba kwa mtoto, ila si siku ya kwanza. Mama alihimizwa kucheza vidole, kiwiko na bega tangu alipofungwa, na bado kifundo kilitoka kigumu. Alihitaji mazoezi ya viungo baada ya wiki sita za plasta. Yaulizieni mapema, pamoja na bei ya kutolewa faiba, kwani mahali pengine wanaitoza kando.