Sproketi ya mbele meno 14, 15 au 16: uzoefu wangu kwenye pikipiki ya cc 150

Sproketi ya mbele ni lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni kutoka kwenye injini. Nimetumia zote tatu kwenye pikipiki moja: ya Kichina, cc 150, injini ya muundo wa Honda CG, gia tano, cheni ya saizi 428. Ilikuja na meno 15 mbele na 41 nyuma. Iliyobaki kwenye pikipiki yangu ni 16, maana safari zangu nyingi ni za barabara kuu na mara nyingi niko peke yangu. Anayepakia abiria mjini kutwa nzima asiiguse.

Hesabu yake ni nyepesi: gawanya meno ya nyuma kwa ya mbele. 41 kwa 15 ni 2.73. Ukiweka 14 inakuwa 2.93, ukiweka 16 inakuwa 2.56. Namba ikipanda, pikipiki inachanganya haraka lakini injini inalia mapema. Ikishuka, inaondoka kwa uzito lakini ukishakolea injini inatulia. Kwa mwendo ambao injini ilikuwa inazunguka mara 6,000 kwa dakika na sproketi ya 15, ukiwa na 16 itazunguka 5,625, na ukiwa na 14 itafika karibu 6,430. Na jino moja la mbele ni sawa na matatu hivi ya nyuma: 14 mbele na 41 nyuma ni karibu kitu kilekile na 15 mbele na 44 nyuma. Ndiyo maana watu huanza na ile ndogo ya mbele. Ni rahisi kununua, na kuibadilisha hakuhitaji kutoa tairi.

Ya 14 ni raha kwenye foleni na kwenye vilima vya mitaani. Ukiwa na abiria na mzigo, pikipiki inaondoka bila kulazimisha klachi. Lakini gia ya kwanza inakuwa fupi mno. Hujavuka hata makutano umeshaingiza ya pili. Ukifika 70 injini inapiga kelele na mtetemo unapanda hadi kwenye vishikio na vikanyagio, kwa hiyo safari ya saa mbili inachosha mikono kuliko mgongo. Kibaya kingine ni kwamba sproketi ndogo inaikunja cheni zaidi na kila jino linapigwa mara nyingi zaidi kwa kilomita ileile, hivyo inaisha mapema.

Ya 16 ndiyo imenishangaza, na si kwa sababu ambayo wengi wanaitarajia. Kasi ya mwisho haikuongezeka. Injini ya cc 150 haina nguvu ya ziada ya kupasua upepo, na ukiipa gia ndefu zaidi inakosa tu pumzi ya kuimaliza. Unachopata ni utulivu. Kwenye tambarare ya kati ya Chalinze na Morogoro, mwendo wa 75 hadi 80 unakuwa wa kukaa, kelele zinapungua na vioo vinaacha kucheza. Upepo ukikujia usoni, kama ule wa Singida, gia ya tano inakuwa pambo. Rudi ya nne na usione aibu. Mlima kama Kitonga utashuka gia mapema kuliko ulivyozoea. Usiing'ang'anize tano huku umefungua mafuta yote na injini inakoroma, maana hapo unaichemsha bure.

Jambo linalosahaulika: sproketi hubadilisha gia zote, si ya tano peke yake. Hata ya kwanza imekuwa ndefu. Ukiwa na 16 na abiria wawili mlimani, klachi itateleza muda mrefu zaidi kila unapoondoka, na plati zilizokwisha nusu zitatoa harufu ndani ya wiki.

Kufunga ni kazi ya chini ya saa moja. Piga alama kwenye shafti ya pedeli ya gia kabla ya kuichomoa, ili irudi palepale. Fungua kava ya kushoto, safisha matope na grisi ya zamani. Sproketi ya mbele inashikiliwa na kibati chenye bolti mbili za spana namba 10. Zilegeze wakati cheni bado ipo, gia imeingia na mtu amekanyaga breki ya nyuma. Cheni ikishatoka, sproketi inazunguka nawe na utaishia kuharibu vichwa vya bolti. Legeza nati ya ekseli, nati ya mkono unaozuia ngoma ya breki isizunguke, na vikazio vya cheni, kisha sukuma tairi mbele. Jino moja zaidi mbele linataka ekseli isogee mbele kama milimita 3. Ukipunguza jino, inarudi nyuma kiasi hichohicho. Ndiyo maana kwa kawaida huhitaji kukata cheni. Ukilazimika kukata, unatoa pingili mbili kwa pamoja, na hapo ekseli husogea karibu milimita 13.

Bolti za kibati ni ndogo na zinaingia kwenye chuma cha sproketi yenyewe. Weka gundi ya kuzuia nyuzi za bolti zisilegee, kaza kwa mkono wenye adabu. Zikilegea, sproketi itacheza kwenye mifereji ya shafti na kuila, na shafti ni kazi ya kupasua injini.

Kabla ya kurudisha kava, zungusha tairi kwa mkono. Kwenye injini yangu 16 ilipita vizuri, 17 cheni iligusa kava. Loki ya cheni (kile kibana cha pingili ya kuunganishia), upande uliozibwa utangulie mwendo: ikiwa juu utazame mbele. Cheni iache na mchezo wa sentimita 2 hadi 3 katikati, ukipima mahali inapokaza zaidi, maana cheni iliyotumika haikazi sawa mzunguko mzima. Halafu rekebisha breki ya nyuma: tairi likisogea mbele, fimbo ya breki inalegea, na utaligundua hilo kwa uchungu ukisahau.

Usifunge sproketi mpya kwenye cheni iliyovutika. Pingili 20 za cheni mpya ya 428 zina urefu wa milimita 254. Zikifika 259, nunua seti nzima. Hapo ndipo pa kuchagua upya na ile kubwa ya nyuma: 15 mbele na 43 nyuma inakupa 2.87, kama theluthi mbili za njia kuelekea ile 14 lakini bila kuikunja cheni zaidi. Kwa bodaboda wa mjini ningechagua hiyo. Dukani nenda na sproketi ya zamani mkononi, kwa sababu za nyuma zinatofautiana idadi ya matundu na upana wa tundu la kati, na za mbele mifereji ya ndani. Zile nyepesi za chuma laini zinajulikana kwa meno kulala upande mmoja kama ya msumeno baada ya miezi michache.

Mita ya spidi ya pikipiki hii inaendeshwa kwa waya kutoka tairi la mbele, kwa hiyo haidanganyi. Kama yako inasoma kutoka kwenye gia boksi, ukiwa na 16 itaonyesha 80 wakati unakwenda 85.