Majani ya vuli Minnesota: kuyakusanya na reki au kuyasaga na mashine?

Kwa wale wa huku Minneapolis, Marekani, mlio na nyumba zenye uwanja wa nyasi, Oktoba ndo hii majani yanamwagika kila siku. Mi naona kuyasaga palepale na mashine ya kukata nyasi ni bora, manake unapita juu mara mbili tatu yakiwa makavu yanakuwa vipande vidogo vinashuka katikati ya nyasi, vikioza vinakuwa mbolea ya bure, na mgongo wako unapona. Ila yakiwa mengi mpaka nyasi haionekani usijidanganye, hapo chukua reki, coz tabaka zito likilaliwa na theluji mpaka Machi unakuta nyasi imeshika fangasi, madoa madoa ya kijivu.

Reki nayo ina kazi zake, majani yakilowa mashine inaziba tu, afu yale ya mwaloni ni magumu hayaozi haraka. Shida ni mifuko, lazima iwe ya karatasi au ile inayooza, plastiki ya kawaida wazoa taka hawabebi. Ukiyakusanya usiyatupe yote bana, mengine funikia kitunguu saumu ulichopanda.