Ubao wa kukatia wa mfenesi nlioagiza kwa fundi, uzoefu wangu

Jamani mie napika chakula cha biashara hapa mjini Unguja, kutwa jodari, pweza na vitunguu, vile vibao vya plastiki vilinichosha, vinachimbika mistari na harufu ya samaki haitoki hata usugue vipi. Nikamuagiza fundi seremala anifanyie ubao wa haja, sentimita 60 kwa 40, unene 5.

Mie nlitaka mtiki mana ndo unaosifiwa, fundi akakataa. Kanambia mama, mtiki una vichembe kama mchanga ndani yake, unaua makali ya kisu, halafu una mafuta yake, gundi haikamati vizuri. Tukaafikiana mfenesi mkavu.

Kazi yake maashallah. Kaunga mbao kwanza, kisha akazikata vipande, akavisimamisha wima na kuviunga upya kwa gundi isiyoogopa maji, akabana na klampu mpaka kesho yake, kwa hiyo juu unaona vichwa vya mti vitupu, kisu kinapita kati ya nyuzi badala ya kuzikata na ukikinyanyua zinajirudi, ndo mana alama hazionekani sana na kisu sikinoi kila mara. Msasa kapiga namba 80, 120 mpaka 240, akaurowesha maji makusudi vile vinyweleo vya mti visimame, ulipokauka akapiga tena. Laini!

Vanishi hakutia, ikibanduka unaila na kachumbari. Katia parafini ya maji ya duka la dawa, ile watu wanayokunywa kulainisha choo (sio mafuta ya taa jamani), pamoja na nta ya nyuki. Mafuta ya kupikia msitie, yanaharibika yanatoa harufu.

Ila mzito, kilo saba na kitu, kuuosha peke yako kazi, na bei yake utanunua vya plastiki kadhaa. Miguu nlikataa, nautumia pande zote, kuku mbichi huku, saladi kule, chini natia kitambaa kibichi hautelezi. Usiuroweke, uoshe pande zote mbili kisha usimamishe ukauke, khasa masika, ukiulaza upande wa chini unabaki na unyevu unapinda.

Anaepika kwa wingi aagize tu, ila muulize fundi kwanza kama mti umekauka sawasawa, mana mbao mbichi ikija kukaukia jikoni kwako inaachana kwenye maungio.